Kukoroma Kumekoma, Pumzi Je?

Waswahili husema mtu aliyezama usingizini analala usingizi wa pono, yule samaki wa miambani ambaye usiku hutulia asishtuke hata mzamiaji akimkaribia. Mkoromaji naye hupewa sifa hiyohiyo. Akinguruma hadi chumba cha pili wakamsikia, wenzake husema amechoka, anaufaidi usingizi, mwacheni. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ya meno sijakutana na sifa iliyopotoka kuliko hiyo. Mtu anayekoroma kwa nguvu, akanyamaza ghafla, kisha akashtuka na kuvuta hewa kama aliyeibuka kutoka majini, hana usingizi wa pono. Anakabwa. Mwili wake unamwamsha mara kumi, ishirini, hata zaidi ya thelathini kwa saa, na asubuhi hakumbuki hata mara moja.

Hospitalini maradhi haya huitwa apnia ya usingizi. Mtu akilala, njia ya hewa kooni hulegea na kuziba. Pumzi husita kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni katika damu hushuka, moyo huenda mbio, ubongo hugutuka na kuifungua njia, kisha mambo huanza upya. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Respiratory Medicine yalisema watu milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana hali hii kwa kiwango kimoja au kingine, na kati yao milioni 425 wanayo kwa kiwango cha wastani au kikali. Wanaosinzia kwenye usukani, wenye presha isiyoteremka kwa dawa, wanaoamka kila siku na kichwa kizito: wengi wamo katika hesabu hiyo na hawajijui.

Nitazungumzia tiba moja tu ya maradhi haya, kifaa kinachovaliwa kinywani usiku ili kulivuta taya la chini mbele. Naizungumzia kwa sababu inapuuzwa na baadhi ya madaktari wanaoiona kama mbadala wa wanyonge, na papo hapo inachezewa na wauzaji wanaoinadi kama dawa ya kelele. Naamini pande zote mbili zimekosea. Kifaa hiki ni tiba kamili ya miaka mingi, mithili ya vidonge vya presha, na kama vidonge hivyo, hakina maana mpaka kipimwe kwa kile kilichokusudiwa kukirekebisha. Kilichokusudiwa ni pumzi.

Nitaeleza kwa nini nasisitiza hilo. Alinijia bwana mmoja, dereva wa malori ya masafa marefu, akiwa na mkewe. Mama ndiye aliyeanza kusema. "Daktari, hapa aliyepona ni mimi, maana ndiye niliyekuwa sipati hata lepe la usingizi. Tangu baba anunue hiki kidude, nyumba imetulia." Kidude chenyewe kilikuwa kipande cha plastiki alichoagiza kwa simu, kile cha kutumbukiza kwenye maji ya moto kisha ukakiuma kikashika umbo la meno yako. Nikamgeukia bwana. "Na wewe, kaka, mchana unajionaje?" Akanyamaza kidogo. "Mchana ni vilevile, dokta. Nikifika barabara iliyonyooka natafuna karanga nisisinzie." Tulimpima usiku akiwa na kidude chake kinywani. Mkoromo ulikuwa umepungua kweli. Pumzi ilikuwa ikisita usiku kucha. Na mkewe, ambaye miaka yote alikuwa akimsikiliza na kumtikisa kila alipokwama, sasa alikuwa amelala.

Ili kuelewa ilikuwaje, tuanze na koo. Lugha yetu ilikwisha kuonyesha mahali penyewe: kukoroma na koromeo ni maneno ya ukoo mmoja. Pua ina mifupa ya kuishikilia, na bomba la hewa la kifuani lina pete za gegedu. Katikati yao liko koromeo, mfereji wa nyama na misuli usio na mfupa wowote wa kuuzuia usifumbe. Ukiwa macho, misuli huufungua. Ukilala, misuli hulegea, na kwa mtu mwenye taya dogo, shingo nene, au mafuta yaliyojaa chini ya ulimi, ulegevu huo unatosha kuifunga njia. Ikifungwa nusu, nyama hutetema na kutoa mkoromo. Ikifungwa yote, hakuna sauti, kwa sababu hakuna hewa inayopita. Basi ile dakika ya utulivu ambayo nyumba huishukuru ndiyo dakika ya hatari.

Sasa ulimi. Msuli wake mkubwa umeshikizwa upande wa ndani wa kidevu, kwenye mfupa wa taya la chini. Taya likirudi nyuma, ulimi hurudi nalo. Likija mbele, ulimi huja. Mtaalamu wa nusu kaputi katika chumba cha upasuaji huutumia ukweli huu kila siku: mgonjwa akilegea na pumzi ikakwama, humshika pembe za taya kwa vidole na kulisukuma mbele, na hewa hupita. Kifaa cha kinywani kinafanya kazi ya vidole hivyo kwa usiku mzima. Kina ganda la juu linaloshika meno ya juu na ganda la chini linaloshika ya chini, na kati yao skrubu au mikanda inayoliweka taya la chini mbele ya mahali pake pa kawaida. Picha za koo zimeonyesha jambo ambalo wengi wetu hatukulitarajia: njia ya hewa hupanuka zaidi kwa pembeni, huko nyuma ya kaakaa laini, kuliko kwa mbele na nyuma. Nyama za koo zimeunganika na taya kwa njia nyingi kuliko kupitia ulimi peke yake.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko jina la maradhi. Mwaka 1902 daktari wa kinywa wa Kifaransa, Pierre Robin, alieleza kifaa cha kipande kimoja cha kulileta mbele taya la chini. Ndiye yule ambaye jina lake wamebaki nalo watoto wanaozaliwa na kidevu kidogo, ulimi ukawaangukia nyuma na kuwazibia hewa. Kisha ikapita karne karibu nzima bila watu wa meno na watu wa usingizi kuketi pamoja.

Mwaka 1981, huko Sydney, Australia, Colin Sullivan na wenzake walichapisha habari za wagonjwa watano waliopulizwa hewa kupitia puani usiku, koromeo likabaki wazi kana kwamba limejazwa upepo. Hiyo ndiyo mashine inayoitwa CPAP, na ubora wake ulikuwa dhahiri tangu siku ya kwanza. Mwaka uliofuata, Rosalind Cartwright na Charles Samelson nchini Marekani walichapisha matokeo ya kifaa cha kuushika ulimi kwa kuunyonya ndani ya kifuko cha plastiki. Kwa hiyo tiba hizi mbili zilizaliwa karibu wakati mmoja, lakini moja ilichukuliwa na madaktari wa mapafu na nyingine ikaachiwa watu wa meno. Miongozo ya Marekani ya mwaka 1995 ilikubali vifaa vya kinywani kwa tahadhari, hasa kwa wenye apnia isiyo kali. Ya mwaka 2015 ilisema waziwazi kuwa mtu mzima asiyeweza kuvumilia mashine, au anayependelea tiba nyingine, apewe kifaa kilichotengenezwa kwa vipimo vya kinywa chake na kinachoweza kurekebishwa, chini ya mtaalamu wa meno mwenye ujuzi huo, na apimwe tena usingizi akiwa amekivaa. Uingereza nayo iliweka mwongozo wake mwaka 2021. Sharti la kupimwa tena ndilo ninalotaka msomaji alikumbuke.

Mashine ni bora kuliko kifaa? Kwa saa moja ya usingizi, ndiyo, bila ubishi. Kwa usiku mzima jibu si jepesi.

Chukua mfano wa hesabu tu. Mtu ana visa 30 vya kukatika pumzi kila saa na analala saa nane. Bila tiba, hivyo ni visa 240. Mpe mashine inayovishusha hadi viwili kwa saa, lakini aivue baada ya saa nne kwa sababu mkanda unamkwaruza au hewa inamkausha. Saa nne za kwanza atapata visa 8. Saa nne zinazobaki atapata 120. Jumla 128. Mpe kifaa cha kinywani ambacho kinafanya kazi hafifu zaidi, kikavishusha hadi 12 kwa saa, lakini akakivaa saa saba: visa 84, na saa iliyobaki 30. Jumla 114. Kifaa kilicho dhaifu kimemlinda zaidi. Tena hesabu hii imeipendelea mashine, kwani usingizi wa ndoto, ambao ndio misuli hulegea zaidi na pumzi hukatika vibaya zaidi, huwa mwingi kuelekea alfajiri, saa zilezile ambazo barakoa imekwisha kutupwa kando ya mto.

Matokeo ya utafiti yanakubaliana na hesabu hii. Mwaka 2013, Craig Phillips na wenzake huko Sydney, mji uleule wa mashine, waliwapa wagonjwa wa kiwango cha wastani na kikali tiba zote mbili kwa zamu, mwezi mmoja kila moja. Mashine ilishusha visa hadi wastani wa 4.5 kwa saa. Kifaa kikavishusha hadi 11.1. Lakini mashine ilitumiwa saa 5.2 kwa usiku na kifaa saa 6.5. Presha ya damu iliyopimwa kwa saa 24 haikutofautiana kati ya tiba hizo mbili. Mtu makini atauliza: saa za kifaa zilijulikanaje? Wagonjwa walizitaja wenyewe, na mgonjwa hupenda kumfurahisha daktari wake. Swali hilo lilijibiwa mwaka huohuo na Olivier Vanderveken na wenzake wa Antwerp, Ubelgiji, waliopachika ndani ya vifaa kitambuzi kidogo cha joto kinachorekodi muda ambao kifaa kimekuwa kinywani. Baada ya miezi mitatu wastani ulikuwa saa 6.6 kwa usiku. Saa hizo zinakaribiana sana na zile walizozitaja wagonjwa wa Sydney.

Upande wa pili uko utafiti mkubwa uitwao SAVE, uliochapishwa mwaka 2016. Watu 2,717 wenye maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo pamoja na apnia walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 3.7. Mashine haikupunguza mishtuko ya moyo wala viharusi. Wastani wa matumizi ulikuwa saa 3.3 kwa usiku. Wako wanaosema hii yathibitisha kuwa kutibu apnia hakuusaidii moyo. Mimi naona saa 3.3 ni tiba nusu, na tiba nusu haiwezi kutoa hukumu ya tiba nzima. Hata hivyo nisiivushe hoja mpaka wake: hakuna utafiti wa ukubwa huo uliokwisha kuonyesha kuwa kifaa cha kinywani kinazuia kiharusi. Anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu.

Na siwataki wagonjwa wenye apnia kali waikimbie mashine kwa kuyasoma haya. Mtu ambaye oksijeni yake hushuka sana usiku, au ambaye amekwisha kusinzia barabarani, aanze na mashine, na aanze leo. Akishindwa kabisa, kifaa ni bora mara nyingi kuliko kulala bila tiba yoyote. Vilevile iko aina ya apnia ambayo koo liko wazi ila ubongo wenyewe hautoi amri ya kupumua. Hiyo kulivuta taya hakuisaidii hata kidogo. Ndiyo maana mtu wa meno hapaswi kutengeneza kifaa kabla daktari hajaupima ugonjwa na kuutaja kwa jina lake.

Sasa nirudi kwa dereva wangu, kwa sababu kosa lake linafanywa kila siku na watu wenye akili timamu. Kati ya wagonjwa watatu wanaopewa kifaa kizuri, kwa makadirio ya jumla mmoja hupona karibu kabisa wakati wote anapokivaa, mmoja hupata nafuu kubwa lakini visa hubaki, na mmoja hafaidiki vya kutosha. Wanawake, vijana, watu wembamba, na wale ambao pumzi yao hukatika zaidi wanapolala chali, huelekea kufanikiwa. Huelekea tu. Nimewaona wanene waliopona na wembamba walioshindwa. Hakuna anayeweza kutazama kinywa akasema kwa yakini huyu atapona, na mkoromo hausemi kweli, kwa sababu kifaa hupunguza mtetemo wa nyama hata pale kinaposhindwa kuizuia njia isifunge.

Kinachobaki ni kipimo. Siku hizi mgonjwa anaweza kupimwa nyumbani kwake: mkanda kifuani, mrija mwembamba puani, kibanio kidoleni, basi. Hupimwa mara ya kwanza kuujua ugonjwa, na mara ya pili kukijua kifaa. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna wiki kadhaa za kazi ya polepole. Twaanzia karibu nusu ya umbali ambao mtu anaweza kulisogeza taya lake mwenyewe, kisha twaongeza sehemu ya milimita, tukamsikiliza, tukaongeza tena. Ukiharakisha, kiungo cha taya mbele ya sikio huuma na mgonjwa hukitupa kifaa kabatini. Ukichelewa, hukata tamaa. Dereva wangu alitengenezewa kifaa kipya cha akriliki chenye skrubu. Kile cha maji ya moto hakikuwa na namna ya kusogezwa mbele hata kwa unywele.

Nikiri jambo kwa haki ya vifaa hivyo vya bei nafuu. Mwaka 2014 watafiti wa hospitali ya Papworth nchini Uingereza walivilinganisha vifaa vya aina tatu kwa wagonjwa 90: cha kuchemsha na kuuma, cha kutengenezwa nusu kwa vipimo, na cha kutengenezwa chote na fundi. Vyote vilipunguza visa. Cha kuchemsha ndicho kilichopendwa kidogo zaidi na kuvaliwa kidogo zaidi, na wao wakashauri kile cha katikati kiwe cha kwanza kwa kuzingatia gharama. Sina ugomvi na matokeo hayo. Ila wagonjwa wale walipimwa kabla na baada, na walikuwa na daktari wa kumrudia. Ubaya hauko kwenye plastiki peke yake. Uko katika kununua tiba ya kukabwa kama mtu anunuavyo mswaki.

Neno "muda mrefu" linastahili nafasi yake, maana ndipo kimya cha wataalamu kinaponiudhi. Mgonjwa wa miaka 40 anayeanza leo anaweza kukivaa kifaa miaka 30. Meno yake yatakuwa wapi wakati huo?

Yatakuwa yamesogea. Kifaa kinapolivuta taya la chini mbele, misuli huling'ang'ania lirudi, na nguvu hiyo yote hubebwa na meno: ya juu mbele husukumwa nyuma, ya chini mbele husukumwa nje. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na hapa ni saa saba za kuchovya kila usiku. Mwaka 2014 Benjamin Pliska na wenzake wa Vancouver, Kanada, walitoa taarifa ya wagonjwa 77 waliokuwa wamevitumia vifaa kwa wastani wa miaka 11.1. Meno ya juu ya mbele yalikuwa yamepunguza kuyafunika ya chini kwa milimita 2.3, na nafasi ya mbele kati ya meno ya juu na ya chini ilikuwa imepungua milimita 1.9. Mabadiliko hayakusimama yalipofika mahali fulani, yaliendelea. Kwa mtu ambaye meno yake ya juu yalitokeza sana, hayo ni mapambo aliyoyapata bure. Kwa mwingine, magego huacha kukutana, na siku moja hugundua kwamba nyama anaitafunia upande mmoja.

Je, hilo ni sababu ya kuacha tiba? Kwa hukumu yangu, mara nyingi hapana. Meno yaliyosogea milimita mbili kwa miaka kumi na moja si sawa na ubongo ulionyimwa hewa kwa miaka hiyohiyo. Lakini hukumu ya mwisho si yangu, ni ya mwenye meno, na anastahili kuambiwa siku ya kwanza, kabla hajatoa hela. Aambiwe pia kwamba mate mengi, ukavu wa mdomo na maumivu ya taya ya asubuhi vinavyowafukuza wengi katika wiki za mwanzo hupungua kwa kawaida, na kwamba maumivu ya kudumu ya kiungo cha taya si jambo la wengi. Aonyeshwe zoezi la asubuhi: kuuma kipande kidogo maalumu, au kutafuna ubani au jojo, mpaka magego yakutane tena kama yalivyokuwa jana. Dakika chache hizo wengi huziruka. Nawasihi wasiziruke.

Kuna na upande wa pili wa muda, ambao hausemwi kabisa. Kifaa kilichokuponya ukiwa na miaka 45 huenda kisikuponye ukiwa na 60. Marie Marklund wa Umeå, Uswidi, alikifuatilia kikundi kidogo cha wagonjwa wake wa mwanzo kwa zaidi ya miaka 16, akakuta ugonjwa wenyewe umezidi na kifaa hakifanyi tena kazi kiliyoifanya zamani, hali wagonjwa waliendelea kukivaa kwa imani. Kwa upande mwingine, Waholanzi wa Groningen waliwapima tena wagonjwa wao baada ya miaka kumi, wengine wa kifaa na wengine wa mashine, wakaona tiba zote mbili bado zinafanya kazi. Taarifa hizi mbili hazigombani. Makundi yote mawili yalikuwa madogo, na wagonjwa walizeeka kwa namna tofauti. Mtu akinenepa, ulimi hunenepa pia. Umri huilegeza misuli. Kifaa chenyewe huchakaa, skrubu hulegea, ganda hupasuka, au jino lililokuwa nguzo hung'olewa. Kwa hiyo anayevaa kifaa aonwe mara mbili katika mwaka wa kwanza na angalau mara moja kila mwaka baadaye, na kipimo cha usingizi kirudiwe kila uzito unapopanda, usingizi wa mchana unaporudi au mkoromo unaposikika tena.

Uzito haukwepeki katika habari hii. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha sindano ya tirzepataidi, dawa ya kupunguza uzito, kwa watu wanene wenye apnia ya wastani au kali. Ni mara ya kwanza dawa kupata idhini kwa ugonjwa huu. Sioni kuwa itaviondoa vifaa vyetu. Naona itawageuza baadhi ya walioshindwa kuwa wenye kufaulu.

Kwetu Afrika Mashariki nina sababu zaidi za kukitetea kifaa hiki. Mashine inataka umeme usiku kucha, na aliyepitia mgao wa umeme anajua maana ya sentensi hiyo. Kifaa kinataka mswaki, sabuni na maji baridi, basi. Maji ya moto hukipinda. Dereva anakitia mfukoni, msafiri anakwenda nacho kijijini.

Lakini kinataka meno, na hapo ndipo historia yetu inapotuhukumu. Kwa miongo mingi huduma ya meno kwa mwananchi wa kawaida imekuwa koleo: jino likiuma, ling'oe. Ili kifaa kishike, kila taya linahitaji meno manane hivi yaliyo imara, hasa magego, na fizi zisizo na ugonjwa. Nimewahi kumrudisha mtu mwenye apnia iliyothibitishwa kwa sababu magego yake yalikuwa yamekwisha kwa kung'olewa moja moja, yale ambayo yangeweza kuzibwa. Wapo pia wazee wa Kijaluo waliong'olewa meno sita ya mbele ya chini kwa mila ya ujana wao, na Wamaasai waliotolewa mawili ya katikati. Hao wasikate tamaa mapema: magego yao yakiwa mazima, fundi hodari anaweza kulishikiza ganda nyuma. Asiye na meno kabisa anabakiwa na kifaa cha kuushika ulimi, ambacho hakihitaji jino lakini hakivumiliki kwa wengi. Kila gego linalozibwa leo ni nguzo ya tiba ambayo mwenyewe hajui kuwa ataihitaji.

Kwa wenzangu wa meno nina ombi. Mgonjwa yuko kitini, mdomo wazi, kwa nusu saa. Hakuna daktari mwingine anayelitazama koo lake kwa muda huo. Muulize kama anakoroma, kama kuna aliyemwona pumzi ikikatika, kama anasinzia mchana. Ukipata ndiyo mbili, andika barua kwa daktari wa kifua au wa masikio, pua na koo. Usichukue alama za meno kwanza. Na ukishakitengeneza kifaa, weka jina la mgonjwa kwenye daftari la kumwita tena, kwa maana huyo si mteja aliyemaliza shughuli.

Nawe uliye na kifaa kinywani, kiwe cha fundi au cha kuchemsha, jiulize lini mara ya mwisho ulipimwa usiku ukiwa umekivaa. Kama jibu ni "sijawahi", chukua kifaa chako na wiki hii kipeleke kwa daktari, mwombe kipimo. Na wewe unayelala pembeni mwa aliyenyamaza, usiku wa leo kaa macho robo saa baada ya yeye kulala, mtazame kifua, uhesabu.